Kitako Kipya na Rangi ya Kinga kwa Bunduki ya Kuwindia: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kibali Hadi Kuseti Darubini

Bunduki ikishakaa kabatini miezi yote ya masika, hasa ukanda wa Pwani, Rufiji au bonde la Kilombero, ukiitoa mwezi wa sita kujiandaa na msimu unakuta madoa ya kutu mtutuni, mbao imevimba, na darubini uliyoiacha ikilenga katikati sasa inapeleka risasi pembeni. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia rangi. Wanatafuta fundi wa kupuliza, bunduki inarudi inang'aa, na msimu unaofuata inakosa shabaha vilevile, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye mbao.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: anza na kitako, yaani mbao yote inayobeba chuma, malizia na rangi. Wakati wa kuchonga kitako, chuma kinaingizwa na kutolewa kwenye mbao mara nyingi mno, na kila mara kinakwaruzika. Ukipaka rangi kwanza utaipaka tena.

Mwongozo huu ni kwa wenye silaha halali Tanzania, ambako uwindaji bado unaruhusiwa kwa leseni. Kenya iliufunga mwaka 1977, lakini kuhusu kutu na mbao, mwenye bunduki halali popote atapata la kuchukua. Mfano nitakaoutumia ni bunduki ya boliti (kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kuingiza risasi) ya kaliba .375 H&H Magnum, risasi iliyotoka Uingereza mwaka 1912 na ambayo hadi leo ndiyo kaliba ya kuanzia kwa anayewinda nyati. Ukiwa na kaliba ndogo, hatua ni zilezile, ila mbao yako haitateseka sana.

Karatasi kabla ya bisibisi

Bunduki haipelekwi kwa fundi kama unavyopeleka pikipiki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka fundi wa silaha awe na leseni, na kumwachia silaha mtu asiye na kibali ni kosa lako wewe mwenye silaha. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake. Mkabidhiane kwa maandishi: aina ya silaha, namba yake, tarehe, kazi inayofanyika. Ukitaka kuipeleka nje ya nchi kwa kazi hiyo, anza na ofisi ya polisi iliyokupa kibali, kwa sababu kuitoa na kuirudisha nchini kuna vibali vyake.

Kazi ya mbao ukiwa na mkono mzuri unaweza kuifanya sehemu kubwa mwenyewe. Fundi seremala naye anaweza kukuchongea umbo la nje bila kushika silaha kabisa. Kinachohitaji fundi silaha ni chochote kinachogusa mtutu, boliti na kifyatulio.

Halafu ile namba ya silaha. Ukiilainisha kwa msasa, ukaipiga mchanga (kuipulizia chembe kali kwa hewa) mpaka ikafifia au ukaijaza rangi isisomeke, umejitafutia kesi. Mwambie fundi tangu siku ya kwanza kwamba namba inafunikwa wakati wa kupiga mchanga, na baada ya rangi isomeke kwa macho bila tochi.

Fungua, kagua, piga picha

Toa risasi zote, toa boliti, chungulia chemba (pale risasi inapokaa ikipigwa) kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi ziondoke kabisa kwenye chumba unachofanyia kazi.

Fungua darubini, kisha skrubu mbili kubwa za chini zinazoshika chuma na mbao. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu, maana bisibisi nyembamba huharibu kichwa cha skrubu kwa mzunguko mmoja tu. Piga picha kila kipande kabla hujakitoa.

Ukishainua chuma, angalia mahali ambapo huwa hupaoni: upande wa chini wa mtutu, ndani ya mbao. Jasho la mkono lina chumvi, linapenya kwenye ufa kati ya mbao na mtutu na kukaa humo. Bunduki ikionekana safi nje lakini chini ina vijishimo vya kutu, hapo ndipo rangi inapohitajika kuliko kokote.

Angalia pia nyuma ya mkia wa bodi. Bodi ni kile chuma cha katikati kinachobeba boliti. Mkia wake umelala kwenye shingo ya kitako, pale unapofumbatia kwa mkono. Ukiona kaufa kembamba kama unywele kanaanzia hapo kurudi nyuma, mbao hiyo imeanza kupasuka kwa teke la bunduki. Hapo unaanza kufikiria kitako kipya.

Vipimo vya mwili wako

Kitako cha kiwandani kimetengenezwa kwa mtu wa wastani. Ukiwa mfupi, mrefu, una shingo ndefu au unatumia mkono wa kushoto, bunduki haikukai, na bunduki isiyokukaa hukupiga shavuni, na ukiona nyati amegeuka unachelewa kulenga.

Kipimo cha kwanza ni urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za kiwandani ziko kati ya sentimita 34 na 36. Njia ya zamani ya kukunja kiwiko na kuweka kitako kwenye kunjo uone kama kidole kinafika kwenye kifyatulio inakupa mahali pa kuanzia tu. Jaribio la kweli ni hili: bunduki tupu, vaa nguo unazowindia, fumba macho, inua bunduki begani kama unavyofanya porini, laza shavu, kisha fumbua. Kama jicho limeangukia moja kwa moja katikati ya darubini, urefu na kimo viko sawa. Kama unaona kivuli cheusi upande mmoja, kuna kipimo kinachohitaji kurekebishwa. Rudia mpaka mwili wenyewe uzoee. Kati ya kidole gumba na pua panapaswa kubaki nafasi ya kama vidole viwili, la sivyo .375 itakukumbusha.

Kipimo cha pili ni kimo cha mgongo wa kitako, pale shavu linapolala. Hapa kuna mvutano wa kweli. Darubini inakaa juu na inataka mgongo ulioinuka, wakati shabaha za chuma (vilengeo vya kwenye mtutu) ziko chini na zinataka mgongo ulioshuka. Ukiwinda wanyama hatari ndani ya vichaka, mimi nakushauri uchonge kwa shabaha za chuma, na uifunge darubini chini kadiri inavyowezekana kwa vishikio vinavyofunguka haraka. Ukiwinda mbuga za wazi, chonga kwa darubini.

Cha tatu ni kupinda kitako kidogo kando, kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Milimita 5 au 6 zinatosha kwa wengi. Mwenye kifua kipana atataka zaidi.

Mbao

Duniani mbao ya heshima kwa kitako ni mjozi, *Juglans regia*, na ubao mzuri wa mjozi ukiagizwa ni ghali. Kwa hapa kwetu mninga unatosha kabisa, na wala sisemi hivyo kwa uzalendo. Mninga, *Pterocarpus angolensis*, ni kati ya mbao zinazosinyaa kidogo sana zikikauka, na kitako kinachotaka kutulia mahali pake kinahitaji sifa hiyo kuliko uzuri. Unachongeka vizuri, unapendeza, na si mzito kupita kiasi. Mkongo nao umetulia ila ni mzito na mgumu kwa patasi. Mpingo usiutumie kwa kitako kizima, ni mzito mno, lakini kipande kidogo cha mpingo kwenye ncha ya mkono wa mbele kinapendeza na kinazuia maji kuingia kwenye ncha ya mbao iliyokatwa kimkato. Kumbuka tu kwamba jamii yote ya *Dalbergia*, ambamo mpingo umo, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2017, hivyo kabla hujavuka mpaka na bunduki hiyo, waulize TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kama unahitaji karatasi.

Mbao inunuliwe mahali panapotoa risiti na yenye nyaraka za TFS.

Ubao uwe na unene wa kama sentimita 6.5 na uwe umekauka. Kanuni ya maseremala ya mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila sentimita 2.5 za unene bado ni nzuri. Kama una kipima unyevu, tafuta kati ya asilimia 8 na 12. Kisha uache ubao ukae miezi kadhaa katika mji ambao bunduki itakaa.

Sasa geuza ubao na usome nyuzi zake. Kwenye shingo ya kitako nyuzi zipite moja kwa moja kwa urefu, zikipanda kidogo kufuata umbo. Nyuzi zikikatiza shingo, kitako kitavunjika hapo hata kama mbao ni nzuri namna gani. Maua mazuri ya mbao yaangukie nyuma, pale panapobaki kipande kipana. Fundi anayekuchagulia ubao kwa kuangalia maua kwanza anakuuzia picha ya ukutani.

Kuchimba nafasi ya chuma

Hii ndiyo kazi yenyewe. Umbo la nje linaweza kuwa na kasoro na bunduki ikapiga vizuri, lakini ndani hapana msamaha.

Chora mstari wa katikati juu na chini ya ubao na usiufute mpaka mwisho. Toboa kwanza matundu ya skrubu mbili, kwa kekee ya mezani ili yasimame wima, kwa sababu yakilala kila kitu kitalala. Chimba nafasi ya magazini, kisha ya bodi, kisha mfereji wa mtutu.

Kujua wapi pa kuondoa mbao, washa kibatari, pitisha upande wa chini wa chuma juu ya moshi mpaka ushike masizi mepesi sawasawa, laza chuma kwenye mbao, kigonge taratibu kwa nyundo ya mbao, kisha kiinue wima. Palipogusa pataacha doa jeusi. Kwangua doa hilo tu, kwa patasi kali, unyoya mmoja mwembamba. Paka masizi tena. Mwanzoni madoa yatakuwa mawili matatu kwenye kingo. Kadiri unavyoendelea yanaongezeka na kutapakaa, na siku utakapoona weusi umeenea sakafu nzima ya nafasi ya bodi, umefika. Usikimbize hatua hii. Anayekwangua unyoya mnene ili amalize leo atajaza gundi kesho.

Mkia wa bodi uachiwe nafasi nyuma yake, karibu milimita 1, usiguse mbao kabisa. Bunduki ikipiga teke chuma kinarudi nyuma kidogo, na mkia ukigusa unafanya kazi ya shoka la kupasulia kuni. Ule ufa kama unywele niliousema mwanzoni chanzo chake ni hiki.

Mzigo wote wa teke unatakiwa ubebwe na lile jino la chuma lililo chini ya bodi kwa mbele. Uso wa nyuma wa jino ugusane na mbao sawasawa kwa upana wake wote. Kwa kaliba ya .375 kwenda juu, weka pia boliti za chuma zinazokatiza kitako kutoka upande hadi upande, moja nyuma ya jino na nyingine kati ya magazini na kifyatulio, maana hapo kuta za mbao ni nyembamba.

Kulaza bodi kwenye epoksi

Hata mchongaji hodari huacha vinafasi. Epoksi ngumu iliyochanganywa na unga wa chuma au wa aluminiamu huvijaza, na haivimbi masika wala kusinyaa kiangazi. Araldaiti ya dukani ya kukauka dakika tano haifai. Tafuta ya muda mrefu, ya kukauka saa 24.

Kwangua milimita 1 au 2 za mbao sehemu ya jino na chini ya mkia; nyuma ya mkia pabaki wazi. Kwenye matundu ya skrubu weka mirija ya aluminiamu ili skrubu zibane chuma kwa chuma, zisiwe zinaponda mbao. Kwenye jino, bandika tabaka moja la utepe mbele, pembeni na chini, uache uso wa nyuma mtupu. Utepe huo baadaye unaacha upenyo wa kutosha hata rangi ikishaongezeka. Paka chuma chote, pamoja na skrubu na nyuzi zake, nta au rangi ya viatu ya Kiwi, tabaka mbili, ing'arishe. Kila tundu usilotaka epoksi iingie lijaze udongo wa kuchezea watoto. Sehemu moja ukiisahau, chuma kitagandia humo na utalazimika kukata mbao kukitoa.

Laza chuma, kaza skrubu kwa mkono tu, futa kinachofurika kwa pamba yenye siki, acha saa 24.

Mtutu wenyewe usiguse mbao. Karatasi mbili za daftari zipite bila kukwama kutoka ncha ya mkono wa mbele hadi karibu na bodi. Mbao ya mbele ikipinda kwa unyevu, haina cha kusukuma.

Umbo la nje na mafuta

Umbo la nje ni kazi ya randa, tupa na msasa, na jicho lako. Raba ya kupunguza teke ifungwe kabla ya msasa wa mwisho ili ilingane na mbao.

Panda na msasa namba 150, 220, 320 mpaka 400. Katikati, lowesha mbao kwa kitambaa chenye maji, ikaushe kwa hewa ya moto, utaona vinywele vimesimama. Vikate kwa msasa, lowesha tena, mpaka visisimame. Ukiruka hatua hii, mvua ya kwanza porini itakusimamishia vinywele hivyo juu ya mafuta yako.

Kwa mafuta, nachagua mafuta ya mbegu za mti wa tung au Tru-Oil, mafuta ya dukani ya vitako. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa ni ya jadi na yanapendeza ila huzuia maji kidogo tu, na mabichi hayakauki kwa muda wa maana. Paka kwa kidole, tabaka jembamba sana, sugua mpaka kiganja kipate joto, acha siku nzima, rudia. Tabaka nane hadi kumi na mbili. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandaze nje vikauke au vilowekwe maji, maana vikikunjwa pamoja hupata moto vyenyewe na kuwaka.

Maji huingilia kwenye mbao iliyokatwa kimkato: chini ya raba, ncha ya mbele, ndani ya nafasi ya magazini, matundu ya skrubu. Hapo paka mafuta mpaka mbao ikatae kunywa.

Rangi ya kinga

Rangi ya bluu-nyeusi ya kiwandani ni tabaka la oksidi linaloshika mafuta. Mafuta yakikauka, kutu huingia. Chuma kisichoshika kutu nacho, licha ya jina, hushika kikikaa na jasho na chumvi. Kwa bunduki ya kazi, kinga bora kwa sasa ni rangi ya seramiki ya kuoka. Inayojulikana zaidi ni Cerakote ya Marekani, aina ya H.

Lakini kama bunduki yako ni ya zamani, Mauser ya kabla ya vita au Rigby aliyokuachia babu, usiipige mchanga. Utaifuta thamani yake. Hiyo itunze kwa mafuta.

Kazi ikienda sawa huenda hivi. Kila kipande kinalowekwa kwenye asetoni, na kuanzia hapo hakishikwi bila glavu. Kinaingia kwenye oveni kama saa moja kwenye joto la karibu nyuzi 150 za Selsiasi ili mafuta yaliyojificha kwenye nyuzi na vijishimo yatoke jasho. Yakitoka, kinaoshwa na kurudiwa. Kisha kinapigwa oksidi ya aluminiamu namba 100 kwa presha ya psi 80 hadi 100 mpaka kiwe kijivu butu kote, kwa sababu rangi hii hushika kwenye mikwaruzo hiyo. Mchanga wa mto usitumike kamwe: vumbi lake la silika linaua mapafu.

Rangi huchanganywa na kigumishi, kwa kawaida sehemu 18 kwa 1, huchujwa na kupulizwa tabaka jembamba. Unene unaotakiwa haufiki hata milimita 0.03. Mwisho ni oveni, nyuzi 121 kwa saa mbili. Joto hilo halidhuru chuma cha mtutu. Oveni iwe ya kazi hiyo tu, isirudi jikoni, na mpulizaji avae kinyago chenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Kinyago cha kitambaa hakisaidii.

Sehemu zisizopakwa ndizo za kumkagua fundi kwazo. Ndani ya mtutu na chemba vizibwe kwa plagi za silikoni. Meno ya boliti yanayofunga, sehemu yanapofungia na uso wa boliti vibaki chuma kitupu, kwani unene wowote hapo unabadilisha nafasi ya risasi kwenye chemba, na hilo ni suala la usalama wa maisha. Kifyatulio, springi na pini ya kupigia vitolewe kabisa. Fundi akikuambia anapuliza bunduki ikiwa imefungwa nzima, chukua bunduki yako uondoke kwa amani.

Ukipokea kazi, lowesha pamba kwa asetoni usugue mahali pasipoonekana. Rangi iliyoiva haiachi kitu kwenye pamba.

Kuna rangi za kukauka kwa hewa, zinazofaa kama oveni haipatikani, ila zinachukua siku hadi wiki kukomaa na wengi huanza kuitumia bunduki mapema.

Kufunga na kuseti darubini

Kaza skrubu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Ukiwa na mirija ya aluminiamu, karibu nyutonimita (Nm) 7 kwa spana ya kupima kaza zinatosha; mbao tupu isizidi 4 au 5. Pitisha tena karatasi chini ya mtutu. Fungua na funga boliti mara nyingi bila risasi uhisi kama kuna kukwaruza. Mwombe fundi silaha apime chemba kwa vipimo vyake kabla ya risasi ya kwanza.

Kwenye uwanja wa shabaha, anza mita 25, halafu 100. Baada ya risasi kumi za kwanza kaza skrubu upya, kwa sababu mbao mpya hutulia. Risasi zikitawanyika bila mpangilio, angalia kwanza vishikio vya darubini, kisha skrubu za chini, ndipo ulaumu risasi.

Utunzaji

Rangi ya seramiki hailindi ndani ya mtutu, kwa hiyo kusafisha na kupitisha mafuta kunabaki palepale. Usihifadhi bunduki ndani ya begi lenye sponji, maana sponji hushika unyevu na kuulaza kwenye chuma. Iweke kabati la chuma lenye kufuli, boliti pembeni, na vifuko vya kufyonza unyevu ambavyo unavikausha kila mwezi wa masika. Kila msimu ukiisha toa zile skrubu mbili, inua chuma, futa mfereji wa mtutu, paka mafuta kidogo chini ya mtutu, na urudishe kwa kaza ileile. Epoksi ikiwa imekaa vizuri, risasi ya kwanza ya Julai itaangukia karibu sana na pale ulipoiacha. Isipoangukia, rudi kwenye mkia wa bodi na uangalie kama ile milimita 1 bado ipo.